Ile Maksai Floribert Aliita Dume

Bandugu, majirani wa Hewa Bora, na ninyi bote mulioacha kazi kwa kuya kulia na sisi, mimi njo mama ya huyu mwenye kulala hapa, na kusoma historia yake ilikuwa kazi ya Jeannot, mudogo wake, lakini mu ile historia Jeannot aliandika jina la Julienne, bibi ya marehemu, haikukuwa hata mara moja, basi nikamwambia akae chini, nitasoma yangu, masomo yangu ilikoma mwaka wa tatu lakini macho haikukoma.

Floribert Kasonde alizaliwa hapa Lubumbashi tarehe 14 mwezi wa tatu 1958, mutoto wetu wa kwanza, mimi na hayati Mwelwa, mwenye alitoka Moba kufuata kazi ya reli, na alitoka mu tumbo yangu akilalamika, ile tabia hakuiacha.

Masomo ya primaire alisoma Makomeno, tangu 1964 mupaka 1972, miaka munane kwa kazi ya miaka sita, sababu alikuwa anajibu mbele mwalimu amalize kuuliza, kisha mu 1979 akapata diplome ya technique, yenye iko inaning'inia mu salon juu ya televizyo mupaka leo, kila mugeni alionyeshwa mbele ya kupewa kiti.

Mu 1980 aliingia kazi ku reli kama baba yake, mu biro ya vipuri, akafanya kule mupaka retraite, tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2010, hakukawia hata siku moja, hiyo sitamunyima.

Tarehe 16 mwezi wa sita 1984 alioa Dorine kwa desturi, mahari ilitoka, bantu bakakula, na mu 1991, kwa kuona mutoto hayuko, akamurudisha kwa baba yake na valizi moja ya nguo, akasema mbele ya jamaa mbili: «Mupokee mutoto wenu, iko tasa.» Tarehe 8 mwezi wa tano 1993 akaoa Julienne, mara hii mu kanisa, na mutoto hakuya vilevile, angelimurudisha naye, ila ndoa ya padiri haina mulango wa nyuma. Mu mwezi wa kenda 1999 binti yangu Edith, dada yake Floribert, akakufa, akaacha Plamedie wa myezi mitatu, Julienne akamutwaa ku mugongo siku ile ya kilio, hakumushusha tena.

Sasa tunafika ku ngombe, na hapa musikie muzuri, sababu njo yenye ilileta bantu wengine hapa. Mu 2011 Floribert aliuza shamba, ni kusema alinunua, mu njia ya Kipushi, akatia mule mitamba sita, na mutamba, kwa ninyi bantu ya muji, ni ngombe muke mwenye hajazala, hata akuwe mukubwa namna gani anabaki mutamba, siku ndama anatoka na kunyonya njo anaitwa mama. Pamoja nabo akatia munyama mumoja wa mabega kama kabati, akaita dume, akamupa jina Directeur, bafanyakazi wenzake bakaenda kupiga naye picha. Miaka mbili, ndama hakuna. Floribert akasema mitamba zote ni tasa, akauzisha ine kwa bachinjaji, moja kisha ingine, na Directeur akaendelea kunenepa.

Mu mwezi wa munane 2013 nikaenda kule, na mimi baba yangu alichungaka ngombe kule Pepa, basi nikainama, nikaangalia. Ilikuwa maksai, dume ya kukatwa tangu udogo, nguvu ya kuvuta mukokoteni iko, ya kuzalisha haiko. Nikamwambia. Akajibu: «Mama, hii iko race ya Zambia, weye ulisomea wapi?» Nikasema: «Niliangalia pale benye akili banaangaliaka mbele ya kulipa.» Hakukula bukari yangu mupaka Noeli.

Julienne akaenda kwa Papa Chisanga, jirani ya shamba, akaomba dume yake, kwa mapatano ya sisi bote tunajua, ndama muke wa kwanza anaenda kwa mwenye dume. Ngombe inabeba mimba myezi kenda kama sisi, na zile mitamba mbili zenye zilibaki, zile tasa, zikazala zote mbili. Moja ikakufa kwa kuzala, Julienne akapakaa yatima yake maziwa ya ile ingine, na chumvi juu, mupaka ikamulamba na kumukubali, na nilipomuuliza nani alimufundisha, akasema: «Mama, mimi na Plamedie tulianza vilevile.» Kichwa kumi na ine ziko leo mu shamba, zote zilitoka pale.

Tangu 2023 Floribert aliteswa na sukari, alikunywa dawa siku yenye alipenda, kidonda ya muguu ikaoza, Julienne akaisafisha asubuhi na magaribi, na tarehe 9 mwezi wa tano 2025, siku ya tano ya juma, akakufa ku lopitali. Anaacha bibi mumoja, Julienne, na mutoto mumoja, Plamedie. Dorine yuko pale karibu na pipa ya mayi, alitoka Likasi na mufuko wa bunga na batoto bane, bote alizala kwa bwana yake wa pili. Sina cha kuongeza, muko na macho.

Jeannot na Osée, juzi, mbele maiti ifike, mulisema juu ya Julienne: «Huyu hana mutoto mu hii jamaa, atabakia kama nani?» Atabakia kama mama. Nyumba ni yake na Plamedie, ngombe vilevile, nasema mbele ya hawa bote, mimi mwenye nilizala Floribert na ninyi babili pia, na mwenye anataka mali ya kaka yake achukue Directeur, ila achunguze muzuri mu sufuria, sababu njo ile nyama mutakula leo, muvumilie, iko nguvu, na ni mara ya kwanza inafaa kitu.

Tunashukuru baganga na bauguzi, majirani benye balileta viti na kuni, na bafanyakazi ya reli, hata ba zile picha.

Na weye, Floribert, mwanangu wa kwanza, nilikubeba myezi kenda na sikukurudisha kwa mutu, pumzika kwa amani, hakuna mwanamuke mwengine atarudishwa kwao na valizi.