Kasuku wa Pangoni

Benchi la kijiwe kile lilikuwa la kanisa zamani. Waumini walihamia jengo kubwa zaidi, benchi wakaliacha nje, na Bibiche, mama Mkongomani, akalikokota mpaka kwenye kivuli kati ya duka lake la unga na samaki wakavu na laundry ya jirani, hapo Fort Worth. Kila Jumamosi mchana, watu wakisubiri nguo zao zikauke, yeye hutoa chupa ya kahawa ya tangawizi na vikombe sita visivyofanana, na ubishi huanza kabla vikombe havijajaa. Kona ya kushoto, penye kivuli kizuri, ilikuwa ya Elimringi, mtu wa Machame, ambaye kijiwe kizima kilimwita Balozi. Jina alilipata kwa sababu ya Madrid. Mwaka 1998, akija Marekani, ndege iliharibika huko, akakwama siku nne, na katika siku hizo akagundua baa za mapangoni. Hadithi hiyo aliisimulia miaka sita na ilikuwa haijachuja. Lakini Jumamosi hii ya Julai alikuta kona ya kushoto imekaliwa.

Aliyeikalia ni Twalibu, fundi wa kompyuta, aliyeitwa Plano kwa sababu ofisi yake iko mji wa Plano na hakuacha kuutaja. Kampuni ilikuwa imempeleka Madrid wiki nzima. Amerudi juzi, na watu walikuwa wamemgeukia kama alizeti na jua. Balozi alikaa kulia, nusu ya mgongo juani. Alimwonea wivu. Aliupigia funda la kahawa, haukushuka.

— Unateremka ngazi, — Plano alikuwa anasema. — Ngazi za mawe, nyembamba, lazima uinamishe kichwa. Chini matofali matupu, dari limejipinda hivi. Mishumaa. Meza ni mapipa. Kama alivyotuambia Balozi, neno kwa neno.

— Neno kwa neno, — Balozi akaitikia.

— Halafu chakula kinakuja kwa visahani. Kisahani cha zeituni, kisahani cha uduvi, kisahani cha viazi na mayai vimekaangwa pamoja.

— Chipsi mayai hiyo, — alisema Balozi. — Nimekula stendi ya Moshi tangu niko shule. Sikupanda ndege.

Bibiche alimtazama. Miaka sita kisahani hicho kilikuwa chakula cha wafalme, na aliyekiita hivyo ni yeye mwenyewe Balozi.

— Plano, weye si uko Muislamu? — aliuliza Gracien, Mkongomani wa Masisi aliyeendesha forklift ya kubebea mizigo kwenye warehouse, na jina la mashine likamganda. — Na ile miguu ya nguruwe Balozi alisema imetundikwa juu ya vichwa?

— Niliinama, nikapita.

— Sawa. Lakini mi najiuliza kitu kimoja. Bale batu biko na manyumba. Biko na viti. Juu ya nini banakunywa mu shimo?

Hapo kijiwe kikachemka. Swali la namna hii ndilo lililowaleta watu kila Jumamosi.

— Ni wake zao, — Forklift akajijibu. — Bibi akitoka kutafuta bwana, anatafuta ku barabara. Hawezi kuwaza bwana iko chini ya miguu yake. Wahenga banasema, aliye juu mungoje chini. Voilà. Banangoja.

— Hapana, — Bibiche akasema, akimwaga kahawa. — Divai ndiyo ilianza. Divai haipende jua. Bakaiweka chini, kisha bakashuka kuiangalia kama haijaharibika, bakakawia. Mpaka leo bangali banaiangalia.

— Mimi nilivyoona, — Plano akasema, akinyoosha miguu, — ni mji mzima uko wazi chini. Kila nyumba ina mlango wa kwenda pangoni. Mtu anatoka chumbani kwake, mlango wa mbele haujalia hata kidogo.

— Basi inafika mbali hiyo, — Forklift akadaka. — Kama mashimo inaungana, inafika bahari. Na ngʼambo ya bahari ni Maroc. Kumbe mutu anaweza kutembea chini kwa chini mpaka Afrika.

— Na sisi tunapanga mstari kwa visa, — alisema Bibiche.

Walicheka. Balozi hakucheka. Neno visa lilimgusa pabaya, maana karatasi zake zilikuwa kwa wakili mwaka wa tano sasa, na wakili alimwonya wazi: akitoka nje ya Marekani, asitegemee kurudi. Plano alikuwa na pasipoti iliyonyooka na kampuni ya kumlipia hoteli. Na sasa alikuwa na kona ya kushoto.

— Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, — Balozi akasema. — Wewe umekaa wiki. Jembe lako liko wapi?

— Jembe gani, Balozi?

— Ushahidi. Picha.

— Kamera nilisahau hotelini. Lakini yule babu nilimwona.

Kijiwe kizima kikasogea karibu, kwa sababu babu ndiye aliyekuwa utamu wa hadithi. Kila mtu pale alimjua: babu asiye na jicho la kushoto, amekaa juu ya pipa, anapiga kodiani, na kasuku wa kijivu begani. Kasuku akichoshwa na muziki hutamka neno moja tu, basta, yaani basi, na babu huacha.

— Babu yupo? — Bibiche aliuliza.

— Yupo. Mlango wa kijani, pale pale aliposema Balozi. Ila kasuku amezeeka. Hasemi tena. Babu anapiga, yeye anatikisa kichwa tu.

— Masikini, — alisema Bibiche.

Balozi aliweka kikombe chini.

Balozi alimfahamu kasuku yule vizuri kuliko mtu yeyote duniani. Alikuwa wa mchungaji wao kule Machame, na alikufa Balozi akiwa darasa la sita. Mlango wa kijani ulikuwa wa ghala la kahawa la babu yake. Kodiani aliiona kwenye harusi. Madrid yenyewe alikaa masaa tisa tu, yote uwanja wa ndege, kwenye kiti cha plastiki. Mapango aliyapata baadaye kwenye kitabu cha wasafiri, katika maktaba ya hapa hapa Fort Worth, majira ya baridi ya kwanza alipokuwa hana kazi wala rafiki. Siku alipoketi kwenye benchi hili mara ya kwanza, mtu alimuuliza amepitia wapi, akaona aibu kusema kiti cha plastiki.

Kwa hiyo Plano alikuwa anasema uongo. Pale kijiweni ni mtu mmoja tu aliyelijua hilo kwa hakika, na huyo hakuweza kufungua mdomo bila kujivua nguo.

Alichomwonea wivu zaidi kilikuwa kitu cha kuchekesha, na alijua kinachekesha: kwamba Plano amemzeesha kasuku. Yeye miaka sita hakuwahi kulifikiria. Lilikuwa pambo zuri, na limepokewa, na kuanzia leo kasuku ni mzee.

— Ulipataje njia? — alimuuliza, sauti imekauka.

— Kwa maelekezo yako. Kanisani kushoto, chemchemi, kichochoro cha tatu. — Plano alitazama viatu vyake. — Nilikwenda jioni nne mfululizo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia.

Balozi naye akavitazama viatu. Plano alivinunua kwa ajili ya safari na kuvionyesha hapa hapa mwezi uliopita. Sasa visigino vilikuwa vimelika upande.

Wakati huo mlango wa laundry ulifunguka, akatoka mama mmoja na kapu la nguo. Alikuwa Orpa, amefika kutoka kambi ya wakimbizi wiki tatu tu zilizopita, na kwa joto lile la Julai alikuwa amevaa sweta. Bibiche alimpa kikombe na nafasi mwishoni mwa benchi. Forklift akamweleza yote kwa haraka: pango, mapipa, babu, kasuku. Orpa alisikiliza mpaka mwisho.

— Mule ndani, — akauliza, — ni baridi ao ni joto?

— Hilo dogo, — alisema Forklift. — Plano, mwambie mama.

— Mimi nauliza tu. Huku kila nyumba ninaingia, nasikia baridi ya mashine.

Plano aliikunja miguu chini ya benchi. Kisha akamgeukia Balozi, na macho yake hayakuwa ya mtu anayemtega mwenzake. Yalikuwa ya mtu anayetaka kujua. Hapo ndipo Balozi alipoelewa visigino. Plano alilitafuta pango jioni zote nne, akapita mlango baada ya mlango wa mapango ya kweli, yenye mishumaa ya kweli na visahani vya kweli, na hakuingia hata moja kwa sababu hakumkuta babu wala kasuku. Kisha akarudi akaona aibu, kama mtu mwingine alivyowahi kuona aibu kwenye benchi hili.

— Mjibu wewe, Balozi, — Plano alisema kwa upole. — Wewe ndiye uliyelijua kwanza. — Akainuka, akaipangusa kona ya kushoto kwa kiganja. — Njoo ukae mahali pako, utusimulie vizuri.

Balozi akahama. Kivuli kilikuwa kizuri kama zamani. Alikipekua kile kitabu cha maktaba kichwani, ukurasa kwa ukurasa, matofali, mapipa, mishumaa, lakini picha hazina baridi wala joto. Bibiche aliinamisha chupa juu ya kikombe chake, yakatoka matone mawili, ikawa basi. Wote walikuwa wanamtazama, na Orpa alikuwa bado ameshika kifungo cha juu cha sweta, anasubiri kujua afungue au afunge.