Marehemu Persis Kwamboka Aliacha Watoto Wawili

Persis Kwamboka, mke wa mwanangu Geoffrey, alifariki Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, si alfajiri kama ilivyochapishwa kwenye karatasi mliyogawiwa langoni, kwa maana nilikuwa kando ya kitanda chake na saa ya wodi ilikuwa mbele yangu. Karatasi hiyo nimeisoma mwenyewe, mstari kwa mstari, na palipoandikwa kwamba hakujaliwa watoto nimepafuta kwa kalamu.

Alizaliwa Manga, Nyamira, Jumanne tarehe 14 Agosti 1979, akasoma huko huko hadi kidato cha nne mwaka 1997, akajifunza ushonaji, na tangu mwaka 2001 akashona sare za shule mjini Kisii. Aliolewa hapa Kiogoro tarehe 11 Desemba 2004, kanisani, mbele ya wengi mlioketi hapa.

Watoto wake ni Natasha, aliyeingia nyumba hii tarehe 9 Novemba 2017 akiwa na miezi kumi, na Ian, aliyekuja mwaka 2020 akiwa mchanga, wote wawili kwa amri ya mahakama. Walipoanza tu kuuliza maswali, Persis aliwaeleza, akiwapima nguo, bila kunong'ona, kwamba walizaliwa na wanawake wengine, kwamba wanawake hao wana majina, na kwamba hapa ndipo kwao. Mimi nilikasirika, nikamwamuru anyamaze mpaka wawe watu wazima, naye, akiwa amesimama mbali nami kama desturi yetu inavyotaka mkwe asimame, akanijibu, "Baba, nisipowaambia mimi, wataambiwa matangani na mtu aliyeshiba."

Aliugua figo kuanzia Juni 2023, akasafishwa damu mara mbili kwa wiki, hadi mwili ukakataa.

Jumanne wiki hii, katika matanga yake yeye mwenyewe, dada yangu, ambaye simtaji kwa sababu anajijua, aliweka sahani chini, akamwita Natasha, akamwambia, "We mtoto, huyo unayemlilia si mama yako, mliletwa tu." Mtoto wa miaka minane akamjibu mbele ya wapishi wote, "Najua, Nyanya. Aliyenizaa anaitwa Emmah. Kwani wewe hukuambiwa?"

Aibu hiyo si ya mtoto, ni yetu. Na bado kamati ya mazishi imewapanga watoto hawa nyuma, pamoja na watoto wa majirani. Nimeubadilisha mpango huo: baada ya Geoffrey, udongo utatiwa kaburini na Natasha, kisha Ian, na mikono mingine yote ingoje. Anayepanga kuwapeleka kwenye makao ya watoto aje aniambie leo nikiwa nimesimama, asingoje nife.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuchotea maji wiki nzima, na mafundi wenzake waliowashonea watoto nguo walizovaa leo.

Pumzika kwa amani, Persis, hukumwachia mtu yeyote neno la kuwaambia watoto wako.