Waliotoweka Kwenye Benchi la Mionzi

Ndugu zangu, asalaam aleikum kwa wa upande huu, na Tumsifu Yesu Kristo kwa wa upande ule. Poleni na safari, poleni na maradhi. Nimeombwa niwaeleze ninyi wagonjwa wenzangu nilivyopona. Nitaeleza, ila sehemu kubwa ya maneno yangu haihusu kupona. Inahusu kosa nililomtendea mtu mwingine tukiwa wote wagonjwa. Nimeliandika kwenye karatasi ili nisiruke kitu. Majina sitataja, wala la hospitali.

Wengi mnanijua. Ninasimamia mashine ya kukoboa mpunga kule Dakawa. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea mwenyewe: injini, umeme, hesabu za mashine. Kila ninachokiona nakiandika kwenye daftari. Mke wangu husema siku nitakayokufa nitaandika kwanza saa.

Sauti yangu ilianza kukwaruza. Nikasema ni vumbi la pumba. Miezi ikapita, kikatokea kivimbe shingoni. Hospitali walikata kipande kidogo cha nyama, wakapima, jibu likawa kansa ya koo. Nikapelekwa Dar es Salaam kwa mionzi, siku tano kwa wiki, wiki saba.

Kabla ya kuanza, daktari mmoja, mama wa makamo kama mimi, aliniita pembeni. Alisema wana utafiti. Kompyuta inasoma zile picha za CT tunazopigwa. Inapima umbo la uvimbe, ukingo wake, na namna weusi na weupe ulivyochanganyika ndani yake, vitu ambavyo jicho la mtu haliwezi kuvihesabu. Halafu inalinganisha na picha za wagonjwa waliotangulia na kubashiri uvimbe upi utaisha kwa mionzi na upi utarudi.

"Kwa hiyo inatupanga?" nikamuuliza.

"Inawapanga makundi mawili, ndiyo. Wenye matumaini makubwa na wenye matumaini madogo."

Nikataka kuuliza swali la pili, akaitwa wodini. Nilisaini, kwa sababu napenda mashine. Faili langu likabandikwa stika ya njano, na katikati ya tiba ningepigwa picha ya ziada.

Swali langu la pili lilikuwa hili: mkishatupanga, mnatufanyia nini? Sikulirudia kesho yake, wala kesho kutwa. Nililijibu mwenyewe, na nililijibu kwa akili ya Dakawa. Mimi kazi yangu ni kupanga. Mchele mzima huku, chenga huku, pumba kule. Hakuna mtu anayepanga kitu asikifanye kitu. Mchele mzima unashonewa gunia zuri. Pumba hakuna anayeihangaikia. Nikajiambia: mashine ya mionzi ni moja, foleni ni ndefu. Wakishajua nani hatapona, watampa nafasi ya nani?

Basi nikaanza kuchunguza. Kila asubuhi tulikaa kwenye benchi la korido tukisubiri kuitwa, mafaili tumeyapakata. Nikaandika nani ana stika ya njano na nani hana. Wa njano tulikuwa tisa. Wiki ya pili mzee mmoja wa kofia hakuonekana tena. Nikaweka alama. Akafuata mama wa Turiani, kisha mwalimu mmoja, kisha wengine wawili. Wiki ya tatu ilipokwisha, katika tisa tulibaki wanne. Wasio na stika walijaa tele kwenye benchi. Ndugu zangu, nawaambia, nilijiona mjanja kuliko hospitali nzima.

Kati ya wale wanne alikuwapo dada mmoja kutoka juu kwetu, milimani, upande wa Mgeta. Mkulima wa karoti na kabichi, Mkatoliki, mjane. Alikuwa na kansa ya ulimi. Tulizoeana kwa sababu ya kwetu. Aliniita kaka, nami nikamwita dada. Alikuwa na maneno huyo! Kila tukitoka kwenye mashine, nyuso zimechorwa vimiraba na ile barakoa ya plastiki wanayotubana nayo, ananiambia, "Kaka, leo umechapwa kama andazi kwenye chujio."

Asubuhi ya Ijumaa nilimwonyesha daftari.

"Dada, hesabu mwenyewe. Wa njano wanaondoka."

Alihesabu kwa kidole. "Wanaondoka kwenda wapi?"

"Kompyuta imeshawatoa. Sisi tuliobaki ni zamu tu."

"Umemuuliza daktari?"

"Daktari atakwambia ukweli?"

Akanirudishia daftari. Kisha akasema, "Kama nimeshawekwa kwenye pumba, kaka, basi bora nikapalilie karoti zangu."

Nilidhani ni mzaha wake. Jina langu likaitwa, nikaingia ndani. Nilipotoka sikumkuta.

Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja. Na hapa niseme jambo ambalo bado linanitia aibu: mimi niliendelea kuja. Nilimwaminisha mwenzangu kwamba tiba ile ni ya kutudanganya, akaondoka, na mimi nikabaki nikipanda kwenye meza ya mionzi kila siku. Niliishuku hospitali, lakini si kiasi cha kuhatarisha shingo yangu mwenyewe.

Jumatano nilifungua daftari ili niweke alama kwenye jina lake, kama nilivyoweka kwa wale watano. Kalamu ikagoma mkononi. Huyu najua kwa nini hayupo. Kompyuta haikumtoa. Nimemtoa mimi. Sasa wale watano najua kwa nini hawapo? Nimeona nini, zaidi ya nafasi tupu kwenye benchi?

Nikamfuata dada anayeendesha mashine ya mionzi.

"Samahani, yule mzee wa kofia alipatwa na nini?"

"Babu wa kofia? Si alimaliza! Alitupigia na makofi, akasema hataki kutuona tena."

"Na mama wa Turiani?"

"Amemaliza. Na mwalimu pia. Wale walianza mwezi mmoja kabla yenu, baba. Wewe ulitaka wakae hapa hadi lini?"

Wa nne alikuwa wodini, vidonda vya mdomo vimemzidi, anashushwa kwa kiti cha magurudumu alasiri, saa ambayo mimi nimeshaondoka. Wa tano alifariki, Mungu amrehemu, kwa ugonjwa wake. Na wale wengi wasio na stika? Walikuwa wapya, walioanza baada ya utafiti kuacha kupokea watu.

Aliyemaliza na aliyekufa, wote wawili hawaonekani tena kwenye benchi. Nilikuwa nimewaweka kwenye safu moja.

Nilikwenda kwa daktari nikamweleza yote. Hakufoka. Ingekuwa nafuu angefoka. Alisema, "Baba, majibu ya kompyuta hata mimi siyaoni. Yamefungwa mpaka utafiti uishe. Tiba yako na ya mwenye faili lisilo na stika ni moja. Tunachokijaribu ni kompyuta, kama inajua kubashiri au inabahatisha. Ninyi hatuwajaribu." Kisha akauliza, "Huyo mama amekosa siku ngapi?" Nikamwambia tatu. Akashika paji la uso. "Kwa kansa ya pale alipo, kila siku inayopotea uvimbe unapumua. Mrudishe."

Simu ya dada wa Mgeta haikupatikana. Ijumaa nilipomaliza tiba nilipanda treni, nikalala kwa dada yangu wa tumbo moja, Mwembesongo mjini, Jumamosi asubuhi nikapanda milima. Gari linaishia mahali, kisha ni miguu. Koo langu lilikuwa limeungua, hata mate nilimeza kwa kujiandaa. Sisemi hivyo mnihurumie. Nilistahili kile kilima.

Kwetu Waluguru, mnajua, huanzi na mwenyewe. Unaanza na mjomba. Nilimkuta mzee amekaa kibarazani anachambua mbegu za maharage.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye daftari?"

"Ndiyo mimi. Nimekuja kumwomba arudi hospitali."

"Ulimwambia mpwa wangu arudi nyumbani. Leo umekuja kumwambia aende. Kesho utakuja kumwambia nini?"

Nikamwomba tu aniitie dada. Akapanda kutoka shambani, udongo mpaka kwenye viwiko. Nilifungua daftari, nikamsomea mtu mmoja mmoja: huyu alimaliza, huyu alimaliza, huyu yuko wodini. Aliyefariki sikumficha. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali nililokuwa naliogopa tangu stesheni.

"Na wewe kaka, uliacha?"

"Sikuacha."

Mjomba wake akacheka kwa pua. Yeye hakucheka.

"Kumbe mimi ndiye niliyekuwa majaribio yako."

Baadaye akanawa mikono. Akasema atakwenda, lakini si kwa neno langu, maana neno langu limeshamla wiki nzima. Atamuuliza daktari mwenyewe, na mjomba atakuwepo kusikia.

Ndivyo ilivyokuwa. Jumatatu walikaa mbele ya daktari, mzee akauliza maswali kuliko mimi maisha yangu yote. Mwisho dada akasema anaendelea na tiba, ila stika ya njano ibanduliwe, hataki picha zake zisomwe na kompyuta. Daktari akaibandua palepale, akamwambia ni haki yake. Ratiba ikapangwa upya kufidia siku zilizopotea. Stika yangu niliiacha kwenye faili.

Leo shingo yangu ni safi kwa vipimo, na ulimi wake, namshukuru Mungu, haujaonyesha kitu. Lakini hakuna daktari wala kompyuta inayoweza kuniambia zile siku alizokosa zitamdai nini huko mbele. Kila anapokwenda kupima, mimi ndiye nisiyekula.

Nawashukuru waliotuhudumia, na hasa yule dada wa mashine aliyenijibu bila kunidharau. Namshukuru mjomba kwa kutoniamini. Ninyi mnaoanza tiba, siwaambii msishuku. Mimi bado nashuku, na ile kompyuta nitaiamini siku nitakapoona imebashiri sawasawa mara nyingi. Ninachowaomba ni hiki: shaka yako ipeleke kwa mtu anayeweza kuijibu, na usiondoke mpaka akujibu. Usimpe mgonjwa aliyekaa pembeni yako. Yeye ana mzigo wake.

Dada huyo yupo humu ndani. Juzi nilimsomea karatasi hii, nikamwomba ruhusa. Akasema nisome, ila nirekebishe mahali pamoja. Nilikuwa nimeandika kwamba alikosa siku tano, Jumatatu mpaka Ijumaa.

"Sita," akaniambia. "Ile Ijumaa uliyonionyesha daftari, sikuingia hata kwenye mashine."