Minnislykill, Neno la Marehemu Ísleifur

Kijiwe chetu hakina benchi. Tunakaa kwenye dimbwi la maji moto kando ya bwawa la kuogelea la mji, theluji ukingoni, kahawa ya bure mkononi, na kila asubuhi tunabishana. Wiki ile kulikuwa na pengo. Mwenzetu Ísleifur angezikwa Jumamosi, na sisi kwa kuwa kulia hatujui, tukaanzisha ubishi juu ya minnislykill, kile kidude cha kuhifadhia mafaili ya kompyuta, yaani ufunguo wa kumbukumbu. Marehemu alidai siku zote kwamba neno hilo alilitunga yeye.

Njáll, tunayemwita Kamusi, alishikilia kwamba limetungwa na kamati ya maneno huko Reykjavík.

— Kamati gani, bwana? akadakia Ketill, mvuvi mstaafu. Hizo ni funguo za bibi zetu. Bibi alifunga ghala, funguo kiunoni, na ndiye pekee aliyekumbuka samaki wamebaki wangapi. Akiba haiozi.

— Sasa hiyo methali imeingiaje hapo? akauliza Kamusi.

— Imeingia kwa mlango. Si nimekwambia funguo zipo?

Hallbera, aliyekuwa mwalimu, akaenda mbali zaidi: watu wa kale walizikwa na ufunguo ili wakumbuke njia ya kurudi nyumbani. Hapo hata Ketill aliguna.

Ndipo akashuka majini mwanamke mgeni, akaketi kwenye kona ya marehemu bila kujua. Alikuwa Svanfríður, bintiye. Alitakiwa kupeleka gazetini makala ya kumuaga baba yake, kama ilivyo ada yetu, na alitaka lile neno liwemo.

— Nyie mlikaa naye miaka yote, akasema. Alilipataje?

Kamusi akainamia kikombe chake. Enzi za uhai wake Ísleifur alikuwa akianza, “Siku ile nilikuwa karakana na mama watoto...” na Kamusi anamkatiza, “Njia ya mwongo ni fupi, mzee.” Tunacheka sote, naye anacheka nasi. Hadithi haikuwahi kuvuka hapo.

— Alianza kutusimulia, binti yangu, Kamusi akasema. Kila mara alianza.

— Halafu?

Iliniuma, na aibu ilinishika.

— Mimi nikimuuliza alikuwa hanimalizii, akasema Svanfríður taratibu. Alikuwa akiniambia, kawaulize wenzangu wa majini, wao wanaijua yote.