Mahubiri ya Shati Moja: Maisha ya Mama Pasi, 1956–2024

Mama yetu mpendwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1956, mtoto wa kwanza wa mwashi na mshona mikeka. Alibatizwa akiwa na miezi sita.

Alisoma hadi darasa la nne. Mwaka 1967 mama yake alipofariki, aliacha shule ili awalee wadogo zake watatu. Maisha yake yote alisoma Biblia kwa kufuata mstari kwa kidole, polepole, wala hakuona haya.

Mwaka 1974 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali. Kwa miaka thelathini na saba alipiga pasi mashuka ya wagonjwa na makoti ya madaktari, hadi alipostaafu mwaka 2011.

Alifunga ndoa tarehe 12 Novemba 1977 na fundi seremala wa hospitali hiyohiyo. Marehemu baba alitumwa kutengeneza mguu wa meza ya pasi, kazi ya nusu saa, akaitengeneza wiki tatu. Walijaliwa watoto wanne. Baba alitangulia mbele za haki mwaka 2003, na mama akabaki na mzigo peke yake.

Nyumba yake ilikuwa na desturi yake. Kila Jumamosi alasiri alipopiga pasi nguo za ibada, mtoto mmoja alisimama mwisho wa meza na kuhubiri. Muda wake ulikuwa shati moja. Shati likiisha, na mahubiri yameisha. Siku moja binti yake alikuwa bado amemwacha Yona tumboni mwa samaki, akaomba aongezewe kola.

“Kola nilianza nayo,” mama akamjibu. “Yona atasubiri Jumamosi ijayo.”

Mezani pale alitoka mchungaji, akatoka mwalimu wa kwaya, akatoka mwinjilisti wa magerezani. Mwaka 2020 kitinda mimba naye aliingia chuo cha theolojia. Ndiye anayesoma wasifu huu, na linalofuata linampasa alisome mwenyewe.

Tarehe 20 Julai mwaka huu, ndani ya kanisa hili, palifanyika semina kuhusu nyumba ya Mkristo na malezi ya watumishi. Kitinda mimba alikuwa mmoja wa wasemaji. Alisema kwa moto mwingi kwamba nyumba za wazazi wetu zilitupa nyimbo na viboko tu, na kwamba mtumishi hutengenezwa darasani. Mzee mmoja wa kanisa akasimama na kuuliza, “Na wewe mwanetu, kuhubiri ulifundishwa na nani?”

Mama alikuwa benchi la tatu. Mkuu wa chuo alikuwa benchi la kwanza. Kijana aliwatazama wote wawili, kisha akamtaja mkufunzi wake wa chuoni. Watu wakapiga makofi, na mama akapiga pamoja nao. Njiani kurudi nyumbani alimbebea mwanawe makaratasi, akamwambia kila jirani waliyekutana naye kwamba mtoto kasema vizuri.

Dada yake, mwalimu wa kwaya, hakumwonea huruma. “Umeitukana meza iliyokulea, mdogo wangu. Tena kwa kipaza sauti.”

Tarehe 23 Septemba mama alilazwa kwa ugonjwa wa moyo. Siku mbili baadaye kitinda mimba alipiga magoti kando ya kitanda, akaomba msamaha akilia.

“Mimi nilikusamehe palepale kwenye benchi,” mama akasema. “Sasa nenda ukawaambie wale uliowaambia.”

Aliahidi kufanya hivyo Jumapili. Jumapili ya kwanza kulikuwa na mgeni kutoka makao makuu. Ya pili alijiambia ratiba imejaa. Ya tatu alipewa nafasi, akasalimu, akashukuru, akaketi. Ni aibu, na hana la kujitetea. Kila alipotoka ibadani alimkuta mama ameegemea mito, anamsubiri.

“Bado, mama.”

“Haya, mwanangu.”

Mama alifariki Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2024, saa nne asubuhi.

Waliokuwa kwenye semina wamo humu leo, mkuu wa chuo akiwemo. Mzee wetu, swali lako lilijibiwa uongo. Aliyemfundisha kijana huyu kuhubiri, na kuomba, na kunyamaza kwa wakati, ni mama huyu aliyelala mbele yenu. Kanisa lilipata watumishi kutoka nyumbani kwake kwa miaka mingi, na hakuna aliyewahi kusimama hapa kusema hivyo akiwa hai.

Ameacha watoto wanne, wakwe watatu, wajukuu saba na mdogo wake mmoja wa kike.

Mungu ampe pumziko jema, na atusamehe tuliochelewa.