Glasi Iliyo Mbele ya Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Ofisa Elimu, mgeni wetu rasmi, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, ndugu wazazi, na ninyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti vimeishia kwa wakubwa: nawasalimu nyote.

Nashukuru kwa chupa ya chai niliyokabidhiwa sasa hivi. Ni zawadi inayomfaa mwalimu wa fizikia anayestaafu, tena imefanana na shule yetu: kilicho ndani hakitoki, na cha nje hakiingii.

Nimesifiwa sana leo. Ndugu Mkuu amesema nimewafundisha watoto kuuliza. Lakini si yeye aliyeweka utaratibu kwamba maswali yote yangoje mwisho wa kipindi? Na nani hapa hajui kwamba mwisho wa kipindi ni kengele? Wanafunzi wananiita Bibi Jotoridi, wakidhani sijui, kwa sababu sichoki kuwaambia kwamba joto ni kitu kimoja na jotoridi ni kingine. Hilo walijifunza kwa kunidaka koridoni, nikikimbilia darasa lingine.

Mmoja wao tulimpa jina la Kwa Nini. Yupo hapa, na mama yake yupo. Katika mtihani wa shule wa kuamua nani anastahili ufadhili wa chuo cha uhandisi, liliulizwa swali hili: barafu ya nyuzi sifuri imetiwa ndani ya maji ya nyuzi arobaini, uzito uleule, jotoridi la mwisho litakuwa nyuzi ngapi? Mwongozo wa kusahihishia aliuandika Ndugu Mkuu mwenyewe. Mlinganyo wake umepangwa vizuri, hesabu zake zimekaa sawa, na jibu lake ni karibu hasi ishirini. Yaani barafu yote imeyeyuka, imekuwa maji, na maji hayo ni baridi kuliko barafu yenyewe. Kwa Nini aliandika: "Jotoridi ni sifuri. Joto la maji halitoshi, barafu nyingine itabaki." Naye akapewa sifuri, lakini si hiyo ya jotoridi. Kwa alama za swali hilo moja, ufadhili ukampita.

Nilikwenda ofisini, nikaambiwa, "Mwongozo ni mwongozo." Nikarudi tena, nikaambiwa kwa upole, "Mama, unastaafu mwezi huu. Ya nini kujitafutia maneno?" Na mama yake aliponijia kuniuliza, "Mwalimu, kwani mwanangu amekosea wapi?" sikujua niuweke wapi uso wangu.

Ndugu zangu, inaniuma. Tunawafundisha watoto kutafuta thamani ya eksi, halafu akitokea mmoja wa kuitazama na kujiuliza kama kitu hicho kinawezekana duniani, tunamkata alama. Tunataka wahandisi wa namna gani? Wa kujenga daraja kwa mwongozo, likianguka waseme hesabu zilikuwa sawa?

Mheshimiwa, huenda umejiuliza kwa nini glasi yako ina barafu nyingi hivyo. Niliitayarisha mimi. Barafu niliipima kwa mizani, maji kwa mizani na kipimajoto, nikavichanganya ulipokuwa unaketi. Hotuba zote hizi zikiendelea, glasi hiyo imekuwa ikifanya mtihani wetu, na barafu naiona kutoka hapa ikielea. Majina yanapelekwa chuoni Jumatatu, na saini ni yako.

Nawashukuru wenzangu tuliogawana vipande vya chaki, nawashukuru wazazi mlioniachia watoto wenu. Asanteni kwa kunisikiliza muda wote huu, hata mliokuwa mkitazama saa. Kengele bado haijalia. Kwa hiyo wewe Kwa Nini, mwanangu, simama umuulize mgeni wetu swali lako. Nawe Mheshimiwa, kabla hujamjibu, chovya kidole.