Mzee Mkanda na Swali la Tisa

Wasikilizaji wapendwa, wakubwa shikamooni, vijana hamjambo. Leo tunamkumbuka dereva wa teksi mliyemzoea kwa jina la Mzee Mkanda. Tulimzika Jumanne. Niwaambie mapema kwamba nazungumza nikiwa na hasira, na mhariri wangu anajua.

Aliendesha teksi miaka thelathini na mmoja. Miaka thelathini na mmoja, bila kumkwaruza mtu. Jina la Mkanda mlimpa nyinyi wenyewe, maana hakuondoa gari mpaka kila abiria afunge mkanda, hata kama safari ni ya kuvuka barabara. Mkewe bado anacheka akikumbuka: "Siku ya harusi ya binti yetu tulichelewa. Shangazi mtu alikataa kufunga, eti gauni litakunjamana. Mzee akazima gari, akatoa gazeti akaanza kusoma."

Mwaka jana, saa nne asubuhi, alimkuta mwendesha pikipiki amegongwa na lori, na lori limeshatokomea. Akampakia, akamfikisha hospitali akiwa hai. Polisi wakamhoji kama shahidi, wakamshukuru, wakampa mkono. Yakaisha.

Miezi miwili baadaye leseni yake ikafika muda wa kuhuishwa. Halmashauri ina fomu, na swali la tisa linauliza: tangu leseni ya mwisho, umewahi kuhojiwa na polisi? Ndiyo au hapana. Hakuna nafasi ya kueleza. Madereva wenzake wakamwambia aweke hapana, yaishe. Mkewe naye akamsihi: "Baba watoto, weka hapana tu."

"Lakini walinihoji, mama. Nidanganye ili waone mimi mwaminifu?"

Akaweka ndiyo. Akabana karatasi ya maelezo kwenye fomu. Karani akaichomoa, akamrudishia. Fomu haipokei karatasi za ziada.

Siku ya kikao cha kamati ya leseni alivaa tai. Alikaa safu ya tatu na binti yake, ambaye ni mwalimu na ana tabia ya kutazama saa. Majina yalikuwa sitini na mawili. La baba yake lilichukua sekunde arobaini. Wasikilizaji wapendwa, sekunde arobaini. Mwenyekiti alisema: "Huyu amehojiwa na polisi. Hafai kubeba abiria mpaka rufaa isikilizwe. Anayefuata." Mzee akanyoosha mkono. Akaambiwa waombaji hawazungumzi. Kisha wajumbe wakaletewa chai na biskuti.

Naona kinyaa, na sitafuti neno lenye adabu zaidi. Hakuna aliyeuliza mzee alihojiwa kuhusu nini. Kituo cha polisi kipo ghorofa ya chini, jengo lilelile. Hawakushuka hata ngazi.

Rufaa ikapangwa miezi minane mbele. Kila asubuhi aliosha gari, akavaa tai, akakaa kwenye usukani pale uani. Majirani wakimuuliza, alisema gari linasubiri kipuri. Gari halikuwa na tatizo lolote. Yeye ndiye aliyeona haya, jamani, wakati waliomwonea walikuwa wanakula biskuti.

Katika mwezi wa sita wa kusubiri, moyo wake ukasimama. Sisemi kamati ilimuua. Daktari anasema moyo ulikuwa na shida ya zamani. Ninachosema ni kwamba alikufa akiwa na karatasi yenye muhuri inayosema hafai.

Sasa sikilizeni hili. Asubuhi hii halmashauri imetuletea salamu za rambirambi tuzisome hewani. Sahihi ni ya mwenyekiti yuleyule. Nikampigia mjane kumwomba ruhusa, akataka nimsomee yeye kwanza. Nikamsomea zote.

"Wamemwita mwaminifu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi usizisome, mwanangu. Alikaa mbele yao akiwa hai, wakamkataza kusema."

Sitazisoma. Bahasha nimeshamkabidhi mlinzi airudishe ilikotoka.

Mama, na wewe mwalimu, poleni sana kutoka kwetu sote. Mungu amlaze pema. Na wewe unayenisikiliza ukiwa na muhuri mezani, hapo mbele yako ipo fomu ya mtu, na mwenyewe amekaa kwenye benchi nje ya mlango wako. Inuka, mwite ndani, umuulize ilikuwaje.